Edward G. Robinson kukosa Oscar: uonevu au halali yake?

Mzee wa Projekta:
Wakuu, jana usiku nimeirudia filamu ya Double Indemnity ya 1944. Keyes, yaani mwigizaji Robinson, filamu nzima hana kiberiti, mwenzake Neff ndiye anamwashia siga. Mwishoni Neff yuko chini anavuja damu, Keyes anainama na kumwashia sigara. Nilitulia kimya. Filamu ile iliteuliwa vipengele 7 vya Oscar, Robinson hayumo hata kimoja! Mwaka huohuo Barry Fitzgerald kateuliwa mara mbili kwa uhusika uleule mmoja. Robinson hakuteuliwa maisha yake yote, wakampa ya heshima 1973 akiwa ameshazikwa. Huu si uonevu?

Mchuuzi wa Kanda:
Kwa sura ile na ufupi ule, Oscar ya nini? Jambazi wa filamu ya Little Caesar, basi.

Kimo Si Hoja:
Ufupi umeingiaje hapa? Mwigizaji mwenzake Cagney alikuwa twiga? Na alibeba Oscar.

Mchuuzi wa Kanda:
Cagney aliibeba kwa kuimba na kucheza dansi, si kwa bastola. Usinichanganyie mambo.

Binti Forodhani:
Hiyo sura mnaisema kama mmeletewa posa. Tazameni filamu ya Key Largo, 1948. Anaonekana mara ya kwanza yumo kwenye hodhi la kuogea, siga mdomoni, feni inampulizia. Bastola hajashika na bado unamwogopa. Claire Trevor, aliyecheza mwanamke wake, akaondoka na Oscar. Yeye patupu.

Abuu Reli:
Kwani hakuwa Mwitaliano wa Mafia kweli? Nakumbuka hivyo.

Mzee wa Projekta:
Mafia gani, Abuu? Myahudi wa Bucharest, jina la kuzaliwa Emanuel Goldenberg, kafika New York akiwa mtoto. Alikuwa anafumba macho kila bastola ikilia, mpaka wakambandika kope kwa utepe. Nyumbani kwake kulijaa picha za wachoraji wakubwa akina Renoir na Cézanne, talaka ikamlazimu aziuze. Jambazi huyo!

Mchuuzi wa Kanda:
Hahaha, utepe! Kumbe mfupi na mwoga.

Kimo Si Hoja:
Wewe una futi ngapi? Jibu hilo kwanza.

Mla Daku:
Mnazunguka tu. Ni siasa. Kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa inasaka wakomunisti ilimbana, naye akaenda kujiita bwege aliyezugwa na wakomunisti. Mtu anayejidhalilisha hivyo nani amheshimu?

Binti Forodhani:
Kazi zimekauka, simu hailii, ungefanya nini? Kaka, usihukumu mtu aliyekuwa anatafuta ugali wake.

Mla Daku:
Ugali? Mtu mwenye Cézanne ukutani?

Mzee wa Projekta:
Hata hivyo kamati ilimhoji 1950 na 1952. Double Indemnity ni ya 1944. Mwaka ule kosa lake lilikuwa lipi?

Abuu Reli:
Basi yule Mwitaliano ninayemkumbuka mimi ni nani? Alikuwa anarusha sarafu hewani na kuidaka.

Binti Forodhani:
Huyo George Raft, kwenye Scarface ya 1932. Naye si Mwitaliano.

Abuu Reli:
Mh.

Kimo Si Hoja:
Mchuuzi bado hajajibu. Futi ngapi?

Mchuuzi wa Kanda:
5 na inchi 3. Lakini mimi sijaomba Oscar.