Tupeane uzoefu: uliishindaje ile sauti ya "wewe huwezi"?

Wakuu, salamu. Nilipandishwa cheo mwezi wa nne kuwa msimamizi wa ghala, na tangu hapo usingizi umenipaa. Miaka sita nilipokea na kutoa mzigo bila wasiwasi. Sasa nafunga ghala saa kumi na mbili jioni, naenda nyumbani, saa tatu usiku narudi kuhesabu magunia yaleyale. Mlinzi keshanizoea, ananifungulia bila kuuliza. Hesabu haijawahi kupishana hata gunia moja, ila kichwani kuna mtu ananiambia, "Walikosea kukuteua, watakushtukia tu." Mke wangu anasema nina pepo. Waliopitia haya, mlitokaje? Zile za "jiamini tu" sitaki, nimezisikia hadi kwenye daladala.

Mama Sare: Kaka, mimi ni fundi cherehani. Nikiwa bado najifunza, fundi wangu alinipa kitenge cha sare ya harusi nikikate peke yangu. Nilipima mara nne, nikachora, nikafuta, nikachora tena, mpaka kitenge kikawa cheupe kwa chaki. Mkasi ninao mkononi, kukata siwezi. Mshono ukikosea unafumua. Kitambaa ukishakikata ndiyo basi. Fundi wangu akaniangalia weee, akasema, "Mwanangu, hicho kitenge unakishona au unakipiga chokaa?" Akanirushia gazeti kuukuu: kata hili kwanza. Nikakata gazeti, nikalilaza juu ya kitenge, nikalifuata. Na bado nilikosea! Kwapa lilibana, ikabidi niongeze kipande ubavuni. Mwenye gauni alicheza hadi usiku wa manane, hakuna aliyeona. Leo nina vyerehani vitatu, na mshono mpya bado nauanzia kwenye gazeti.

Ticha: Darasa la kwanza hadi la saba nilisoma kwa Kiswahili, na nilikuwa naongoza. Kidato cha kwanza mwalimu wa bailojia akaingia na Kiingereza mwanzo mwisho. Ndani ya wiki mbili nikaamini kule msingi nilibahatisha. Nikanyamaza darasani karibu miaka miwili, swali nalijua ila mkono haunyanyuki.

Chuo cha ualimu tulifundishwa Albert Bandura, yule mwanasaikolojia aliyeandika mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu juu ya uwezo wake. Alisema inalishwa na mambo manne: kulifanya jambo mwenyewe ukaliona limewezekana, kumwona mtu wa hali yako akiliweza, kutiwa moyo na wengine, na namna unavyousoma mwili wako moyo unapokwenda mbio. La kwanza ndilo lenye nguvu kuliko yote. Mtihani wake nilifaulu vizuri, halafu siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha chaki ikanikatikia ubaoni mara tatu. Aliyeniokoa ni kijana wa dawati la nyuma ambaye hakuelewa kitu. Nilimfuata, nikamchorea kwenye daftari lake, nikasahau kama kuna watu wananiangalia. Niliporudi ubaoni zilibaki dakika kumi, na hazikunitosha.

Fundi Testa: Mimi nitaenda kinyume na wenzangu. Shaka ndilo limeniweka hai. Kabla ya kugusa waya, najaribu testa kwenye soketi ninayojua ina umeme, ndipo napima waya, kisha narudi kwenye ile soketi kuona kama testa haikufia njiani. Katika kazi yetu wapo waliojiamini sana, tumeshawazika. Ila tazama, mimi naitilia shaka testa. Ikishanijibu, nafanya kazi. Wewe mkuu ghala umelipima, jibu umelipata, halafu unabishana nalo saa tatu usiku. Hesabu mara moja, saini kitabu, mlinzi naye asaini, nenda kalale.

Mwanzisha uzi: Fundi Testa, hapo umenigusa penyewe. Mlinzi kusaini sikuwahi kuliwaza. Kesho naanza.

Mgeni Njiani: Mimi bado sijatoka, nasema ukweli. Kuna tangazo la kazi linafungwa Ijumaa. Wanataka uzoefu wa miaka mitatu, mimi nina miwili na miezi minane. Barua nimeiandika upya mara kumi na moja, imelala kwenye simu.

Mama Sare: Mdogo wangu, magazeti kumi na moja umeshamaliza. Leta kitenge.

Mgeni Njiani: 😂 Haya. Naanza na "Ndugu" au "Mheshimiwa"?

Ticha: Ndugu. Na usisahau kusaini.