Naomba ushauri: "profane", "sacrilege", "blasphemy"... zote ni kufuru tu?

KalamuYaKukodi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nimepewa kazi ya kutafsiri maandishi ya video ya historia, inahusu dini na maigizo Uingereza kuanzia Henry VIII mpaka James I. Watazamaji ni wanafunzi wa sekondari, na mteja hataki neno la Kiingereza libaki kwenye skrini.

Ndoa za mfalme na vita vimekwenda vizuri. Nimekwama kwenye maneno matano: "profane", "sacrilege", "blasphemy", "irreverent" na "sanctimonious". Kila kamusi ninayofungua inanirudisha kwenye kufuru. Ikijitahidi sana inaniongezea "kutoheshimu vitu vitakatifu", ambayo ni nusu ya sentensi. Kuna aya ina matatu kati ya hayo, na ikisomwa kwa Kiswahili changu inakuwa "walikufuru kwa makufuru ya kufuru".

Yana tofauti ya kweli, au Waingereza walikuwa wanajaza ukurasa? Anayejua asili yake anisaidie. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Kijiweni

Andika kufuru ndogo, kufuru ya kati na kufuru kubwa, kama soda. Kazi imeisha, kalipwe.

AliyetokaSeminari

Mkuu, mpuuze huyo. Tofauti ipo, na ukiijua asili kazi inakuwa nyepesi.

"Profane" ni Kilatini. "Fanum" ni hekalu, "pro" ni mbele ya. Kwa hiyo "profanus" ni kile kilichobaki nje, mbele ya mlango wa hekalu. Hapo mwanzo hapakuwa na tusi lolote, ni suala la mahali tu: kuna vya ndani na kuna vya nje. Hata leo Mwingereza anaweza kusema "profane" akimaanisha mambo ya kawaida ya dunia. Ubaya uliingia pale cha nje kilipochukuliwa kama kimemkosea heshima cha ndani. Ndugu yake ni "fanatic", kutoka hekalu hilohilo: mtu aliyepagawa na mungu wake. Na "fan" wa mpira kwa maelezo yanayokubalika zaidi ni "fanatic" iliyokatwa, jambo ambalo yeyote aliyewahi kukaa Kwa Mkapa siku ya Simba na Yanga halimshangazi.

"Sacrilege" ndiyo usiichezee. Inatokana na "sacer", kilichotengwa kwa ajili ya miungu, na "legere", ambayo hapa ni kuokota au kuchukua. "Sacrilegus" alikuwa mwizi wa hekaluni. Mwizi kabisa, wa kubeba vyombo. Haikuundwa kutokana na neno "religion", ndiyo maana wanaoandika "sacreligious" badala ya "sacrilegious" wanasahihishwa kila siku.

Sasa angalia video yako. Kati ya 1536 na 1540 Henry VIII alifunga nyumba za watawa, akachukua fedha na dhahabu, madini ya risasi yaliyoezekwa mapaani, na ardhi, nyingi ikaishia kwa matajiri. Waliochukizwa waliita "sacrilege". Mwanahistoria Henry Spelman aliandika kitabu kizima kuhusu mikosi iliyozipata familia zilizochukua ardhi hizo. Kilichapishwa 1698, mwenyewe akiwa ameshafariki zamani. Hapo ukiandika "kufuru", mwanafunzi atadhani mfalme alimtukana Mungu. Hakutukana, alibeba. Andika "uporaji wa mali ya wakfu".

Ukitaka ushahidi kwamba Kiswahili kinaweza, fungua Warumi 2:22. Biblia ya Kiingereza ya King James imeandika "commit sacrilege". Biblia ya Kiswahili ya Union inauliza kuhusu kuteka mahekalu. Wale wazee walitafsiri kosa lenyewe.

KalamuYaKukodi

Hii ya kubeba vyombo nimeielewa mara moja. Hata msimulizi wa video anaorodhesha mali baada ya neno hilo, nikawa najiuliza kufuru na mabati ya risasi vinahusianaje. Na "blasphemy" je?

Ustadhi wa Ng'ambo (Unguja)

Dada (kama ni kaka nisamehe, jina halioneshi), hiyo ndiyo umwachie kufuru. Kigiriki chake "blasphemia" ni maneno mabaya, na sehemu ya pili ya neno ni usemi. Ni kosa la ulimi. Neno hilohilo likapita kinywani kwa Wafaransa, likachakaa, likatokea upande wa pili likiwa "blame", lawama. Kwa hiyo "blasphemy" weka "kumkufuru Mungu kwa maneno", ukitaka ukali zaidi "kumtukana Mungu".

Lakini nawaomba mwone na upande wetu, maana kufuru tunaitumikisha kupita kiasi. Mzizi wake wa Kiarabu ni kufunika. Kafara ni mtoto wa mzizi huohuo: kukufuru ni kuifunika haki au neema, kafara ni cha kulifunika kosa. Hakuna wizi wala hekalu humo.

Nakubaliana na Seminari kwamba jambo ni mpaka wa ndani na nje. Sisi tunao mfano mkubwa zaidi. Msikiti wa Makka unaitwa Masjid al-Haram, na nyama ya nguruwe ni haramu. Mzizi mmoja. Kilichozungushiwa ua huwa hivyo kwa utukufu wake au kwa ubaya wake, ua ni uleule. Na ile "sacer" ya Kirumi nayo ilikuwa na sura mbili: kilichowekwa wakfu, na mtu aliyelaaniwa. Wagiriki na "anathema" vilevile, ilianza kwa maana ya zawadi iliyowekwa hekaluni, ikaishia laana.

Ndiyo maana "najisi" usiiweke kwenye "profane". Najisi ni habari ya twahara, yaani usafi wa kidini, na uchafu. Kiswahili kinapenda usafi, hata "takatifu" yenyewe inatoka kwenye kutakata. Warumi kwenye neno hili walikuwa wanaangalia ukuta.

Mwalimu Mama Neema (Moshi)

Nafundisha Kiingereza kidato cha tano na cha sita, nichukue yale mawili yaliyobaki.

"Irreverent": ndani yake kuna kitenzi cha Kilatini "vereri", kuogopa kwa heshima. Kiswahili tunalo neno lenye hofu na heshima kwa pamoja, tena tunalitamka kila Jumapili: uchaji. "Irreverent" ni asiye na uchaji. Angalia muktadha tu, kwa sababu siku hizi mchekeshaji akiitwa "irreverent" ni sifa, maana yake hawaogopi wakubwa. Na wanafunzi wangu, nikisahihisha "Reverent" mbele ya jina la mchungaji mara moja zaidi nitastaafu. Ni "Reverend", anayestahili kuheshimiwa. "Reverent" ni yule anayeheshimu.

"Sanctimonious" ina historia tamu. Ilianza vizuri, maana yake utakatifu wa kweli, na Shakespeare ameitumia hivyo kwenye tamthilia yake The Tempest kwa taratibu takatifu za ndoa. Lakini kwenye Measure for Measure anamtaja haramia "sanctimonious" aliyekwenda baharini na Amri Kumi, ila moja ameikwangua. Mnaijua ipi. Maana hizo mbili ziliishi pamoja wakati huo, baadaye kebehi ikashinda na ile nzuri ikafa.

Usiweke "mnafiki". Mnafiki anaweza kukaa kimya na unafiki wake. Huyu lazima aonekane, na lazima akuhukumu. "Mwenye kujitia utakatifu" inatosha, mtaani wangesema amejifanya mlokole.

KalamuYaKukodi

Asanteni sana (ni kaka, Ustadhi, umesamehewa). Kuna aya imebaki inanitoa jasho. Ni sheria ya 1606: faini ya pauni 10 kwa yeyote ambaye katika maigizo, "jestingly or profanely", atalitaja jina la Mungu, la Kristo, la Roho Mtakatifu au la Utatu. "Kwa mzaha" ninayo. "Profanely" hapo ni nini? "Kidunia" haikai.

AliyetokaSeminari

Ni kulitoa jina hekaluni na kulizungusha sokoni. Tumia ile amri ya kitabu cha Kutoka 20:7, "Usilitaje bure jina la Bwana". Andika "kwa mzaha au bure".

Ustadhi wa Ng'ambo

Mtoto wa siku hizi akisoma "kulitaja bure" halafu anaona faini ya pauni kumi, atauliza bure gani hiyo ya kulipia. Weka "ovyo".

Mzee wa Kijiweni

Ustadhi kashinda. Na soda zangu nimezirudisha.

Mwalimu Mama Neema

Naunga mkono "kwa mzaha au ovyo". Nakala za Othello, tamthilia nyingine ya Shakespeare, zina jambo litakalokufaa kama video inazionesha. Iliyochapishwa 1622 imejaa viapo kama "zounds". Kwenye mkusanyiko wa tamthilia zake wa 1623 viapo vingi vya namna hiyo vimefutwa au kulainishwa.

KalamuYaKukodi

Zinaoneshwa! Kuna mwigizaji anapiga kelele "zounds" halafu msimulizi anaeleza kwamba ilikatwa. Niliiruka kwa sababu sikujua nifanye nini nayo.

Mwalimu Mama Neema

Ni "God's wounds", majeraha ya Mungu, wamekula herufi za mbele ili jina lisisikike. "Gosh" ya wanafunzi wangu ni ujanja huohuo. "Wallahi" haifai hapo kwa sababu inalitaja jina waziwazi.

Mzee wa Kijiweni

Hakyanani.

Mwalimu Mama Neema

Unashangaa nini sasa?

Mzee wa Kijiweni

Sishangai, natafsiri. Mtu anataka kusema "haki ya Mungu", anaogopa, anasema "haki ya nani". Jina limefichwa na kiapo kimebaki. Si ndiyo zounds yenu hiyo?

AliyetokaSeminari

Aisee.

Ustadhi wa Ng'ambo

Huyu bwana alikuwa anatuchezea tangu mwanzo.

KalamuYaKukodi

Naiweka. Msimulizi akisema neno limekatwa, hata mtoto wa kidato cha kwanza ataona limekatwa wapi. Natuma kwa mteja usiku huu, nikirudishiwa na kalamu nyekundu nitaibandika hapa. Mzee, ukiwa na muda kuna "gadzooks" dakika ya thelathini na mbili.