Mama kastaafu ualimu, sasa anachora madoa ya rangi tu. Mnaomjua Alma Thomas naombeni mnieleze

BintiUjiji

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada wa maelezo maana hapa nyumbani kumezuka ubishi unaoniumiza roho. Mama yangu kafundisha shule ya msingi hapa Kigoma miaka 34, mwaka juzi akastaafu, kiinua mgongo kilivyotoka akamalizia nyumba, na sasa kila asubuhi akishamwagilia mchicha wake anakaa barazani anachora. Sio tembo, sio mitumbwi, sio mama kabeba mtoto mgongoni. Ni madoa. Doa la bluu, doa la bluu, doa la bluu, mstari mzima, chini yake ya njano mstari mzima, anaenda hivyo hivyo mpaka manila inajaa. Manila zenyewe ni zile zilizobaki za kutengenezea zana za kufundishia, ukigeuza nyuma unakuta embe, ndizi na a e i o u za darasa la kwanza.

Jumapili baba mdogo kaja kutusalimia, akaziona, akauliza shemeji hii picha ya nini? Mama akamjibu ni rangi tu shemeji. Akakaa kimya, baadae akaniita pembeni akaniambia mpeleke mama yako hospitali, watu wakistaafu wengine akili inayumba. Jamani nilisikia vibaya. Yaani mtu kafundisha watoto wa mtaa mzima kusoma, wakiwemo wa huyo huyo baba mdogo, leo anachora madoa anaonekana mgonjwa.

Kuna mgeni alipita hapa akaziangalia muda mrefu, akasema zinamkumbusha mama mmoja mweusi wa Marekani, Alma Thomas, nae alikuwa mwalimu. Nimejaribu kusoma mtandaoni ni Kiingereza kirefu na bando linakata. Anayemjua anisaidie, ni kweli alikuwa mwalimu wa kawaida? Ni kweli alianza uzeeni? Na watu wake walimwelewa au nae waliambizana apelekwe hospitali?

Mwl_Sanaa_Tabora

Dada, mpe mama shikamoo yangu kwanza. Mimi nafundisha sanaa huku Tabora na picha moja ya Alma Thomas nimeitoa kopi ya rangi ipo ukutani darasani kwangu mwaka wa nne huu, kwa hiyo nivumilie nitaandika kwa kirefu.

Alizaliwa 1891 mji wa Columbus, jimbo la Georgia, kusini kabisa mwa Marekani, wa kwanza kati ya mabinti wanne. Mama yake alikuwa mshonaji wa magauni, kwa hiyo rangi na vitambaa kavikuta ndani. Lakini ule ni wakati mtu mweusi wa kusini hana pa kushika. Kuingia makumbusho tu alikuwa haruhusiwi, achana na habari ya kutundika picha yake humo. 1906 kule Atlanta, jimbo hilo hilo, kundi la wazungu lilivamia weusi likaua watu, na mwaka uliofuata wazazi wake wakafunga virago na watoto wote wakahamia Washington, kwenye nyumba ya mtaa wa 15. Nyumba hiyo kaishi karibu miaka 70, mpaka anakufa.

Chuo Kikuu cha Howard, ambacho ni chuo cha weusi, aliingia akitaka kusomea mambo ya nyumbani na ushonaji, mwalimu mmoja akamvuta kwenye idara mpya ya sanaa, na 1924 akawa mtu wa kwanza kabisa kuhitimu idara hiyo. Baada ya hapo akaenda kufundisha sekondari ya chini ya Shaw, hapo hapo Washington, miaka 35 shule ile ile moja mpaka anastaafu 1960. Kwa hiyo swali lako la kwanza, ndio, mwalimu wa chaki kabisa. Alitengeneza vikaragosi vya kamba na kuvifanyia maigizo, shahada yake ya pili pale Columbia New York, 1934, ilihusu hivyo hivyo vikaragosi. Alianzisha na mpango wa kuwapelekea watoto weusi sanaa, maana hakuna aliyekuwa anawapelekea.

Hapo kwenye kuanza uzeeni sasa lazima nikuweke sawa, kwa sababu hadithi hii huwa inasimuliwa vibaya, kama vile bibi kaamka siku moja kashika brashi. Hakuanza uzeeni. Alikuwa anachora miaka yote, vyungu, maua, matunda mezani, vitu vya kawaida, ila muda hana, unajua mwenyewe maisha ya mwalimu, ukirudi jioni una madaftari ya kusahihisha mpaka taa inazimwa. Miaka ya 50, yupo karibu na 60 kwa umri, akajiandikisha tena darasani, chuo cha American University, anasoma usiku na wikiendi na watu wa umri wa kuwa watoto wake, na huko ndio picha zake zikaanza kuacha sura za vitu zikabaki rangi na maumbo. Kilichotokea uzeeni ni kwamba alipata asubuhi zake mwenyewe.

Alafu 1964 baridi yabisi ikamkamata vibaya hadi akafikiria kuacha kabisa. Katika hali hiyo Howard wakamwambia tunataka tukufanyie maonyesho ya kazi zako za maisha, 1966. Akataka alete kitu ambacho hakijawahi kuonekana. Mbele ya dirisha la sebule yake kulikuwa na mti, mwanga unapita kwenye majani unacheza, akakaa anauangalia ule mwanga na majani yanavyokatwa vipande vipande na kioo cha dirisha. Hapo ndipo madoa yalipotokea. Vipande vifupi vya rangi, kimoja pembeni ya kingine, kwa mistari iliyosimama au kwa duara ndani ya duara, kati yao panaonekana weupe.

Mimi huwa natoa wanafunzi nje saa nne asubuhi, Tabora miembe tunayo ya kutosha, nawaambia msiangalie mwembe angalieni chini. Zile pesa za mwanga kwenye mchanga. Upepo ukipita zote zinahama pamoja. Nawaacha dakika kumi hakuna kuongea, alafu ndio nawarudisha kuona ile picha ukutani, hakuna anayeuliza tena ni picha ya nini.

Kibirizi_Mwalo

Mwalimu nimekusoma vizuri na dada mama yako namheshimu, ila niulize kwa nia njema kabisa kwa sababu na mimi najifunza. Picha za Tingatinga naelewa, chui ni chui, unaona madoa yake unaona macho. Hii ya rangi tupu mtoto wa chekechea si anaweza? Inakuwaje moja inawekwa makumbusho na ya mtoto inafutiwa meza?

MamaUkindu

Ngoja nijibu hilo mimi, sijasomea sanaa ila nasuka mikeka mwaka wa 20 sasa. Mwanangu Kibirizi, ukija kwangu ukanunua mkeka unauliza huu ni mkeka wa picha gani? Huulizi. Unaangalia rangi zimekaaje. Sasa mpe mtoto ukindu uliotiwa rangi nyekundu, zambarau na kijani mwambie asuke, utaona. Nyekundu ukiiweka jirani na kijani inapiga kelele, ukiipeleka jirani na zambarau inatulia, na ukikosea ukili mmoja tu hapa, huko mbele mkeka mzima unalia. Mimi nimefumua mikeka usiku wa manane kwa sababu ya rangi moja. Huyo bibi alikuwa anajua jirani ya nani akae nani, na hiyo hujui kwa siku moja.

Mwl_Sanaa_Tabora

Mama umemaliza, sina cha kuongeza hapo isipokuwa vitu viwili kwa Kibirizi. Picha zake ukizisogelea unaona mistari ya penseli chini ya rangi. Alipima kwanza. Ule mpangilio unaoonekana kama umeanguka tu kutoka juu umechorewa njia zake kabla rangi haijagusa kitambaa.

Cha pili, kuna kazi yake ya 1963 inaitwa "Watusi". Najua nyie wa Kigoma jina hilo mtalishtukia haraka, lakini kipindi hicho Marekani lilikuwa jina la dansi iliyovuma sana. Ile kazi alichukua mpangilio wa Mfaransa Henri Matisse, picha yake ya konokono ya vipande vya karatasi ya 1953, akaugeuza ukakaa upande mwingine na rangi zote akabadilisha. Wapo waliosema kaiga. Mimi nasema huyo ni mwalimu anafanya zoezi kwenye daftari lake mwenyewe, anavunja saa ya mtu mwingine aone springi zimepangwaje. Baada ya zoezi hilo, miaka mitatu mbele tayari ana lugha yake.

Na kuhusu Tingatinga, 1972 ndio mwaka mzee wetu Edward Saidi Tingatinga alifariki Dar. Mwaka huo huo Alma, ana miaka 80, makumbusho ya Whitney ya New York yakamfanyia maonyesho ya peke yake, mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kupewa nafasi hiyo pale. Na haikuja kwa huruma, wasanii weusi walikuwa wameandamana miaka hiyo kudai wafunguliwe milango. Hao ndio walimwelewa dada, ila angalia alisubiri mpaka lini.

FundiMninga

Nachangia upande wa vitendo. Mimi ni seremala, wachoraji wawili watatu huwa wananiletea kazi za fremu. Dada kama mama anachora kwenye manila, hiyo ikipata unyevu wa ziwani inavimba na ukungu unaingia, utakuja kulia. Mnunulie amerikani, ile nzito, fundi akuvutie kwenye fremu ya mbao nyepesi, usitumie mninga ni mzito na ghali bure, paini inatosha. Kabla hajachora apake rangi nyeupe ya maji ya ukutani iliyochanganywa na gundi kidogo, mikono miwili, ikauke siku nzima. Ukiruka hapo kitambaa kinakunywa rangi yote. Na kama nae vidole vinamsumbua mfungie mpini wa brashi kipande cha godoro uwe mnene, mteja wangu mmoja mzee anafanya hivyo hivyo. Huyo Alma na mikono yake alikuwa na studio au ilikuwaje?

Mwl_Sanaa_Tabora

Studio hana. Alikuwa anachora hapo hapo nyumbani, jikoni na sebuleni, turubai nyingine kubwa kumpita. Hakuolewa, hakuzaa, alisema wazi alichagua sanaa. Na usidhani kwa kukaa jikoni dunia yake ilikuwa ndogo! 1969 Wamarekani walipoenda mwezini yeye alikuwa anafuatilia kwenye televisheni, akachora mfululizo mzima wa picha za anga. Ipo moja ya 1970 jina lake linasema Snoopy anaiona dunia imefunikwa na machweo, Snoopy ndio walikiita chombo kimojawapo cha safari ya Apollo 10. Ni duara kubwa la madoa ya rangi za moto. Mtu aliyezaliwa zama za mikokoteni ya farasi, baridi yabisi vidoleni, anachora dunia ilivyo ukiwa nje yake. Mimi hapo huwa nanyamaza.

Kwenye pesa hujauliza dada ila baba mdogo atauliza. 2019 picha yake ya machweo iliuzwa mnadani New York zaidi ya dola milioni 2.6. Yeye alishafariki 1978, hakuiona hata senti. Na wakati wa Obama picha yake ya 1966 ikaingia kwenye mkusanyiko wa kudumu wa Ikulu ya Marekani, ya kwanza ya mwanamke mweusi. Mimi ningemsomea baba mdogo habari ya Columbus kuliko ya dola, kwamba ule mji ambao alipokuwa mtoto hawezi kuingia makumbusho, leo una makumbusho yanayotunza kazi zake, na yalishiriki kuandaa maonyesho yake makubwa yaliyoanza 2021.

BintiUjiji

Wakuu nimewasomea vyote mama, tumekaa barazani, kanisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno, kavua miwani kaifuta na khanga kavaa tena. Alivyosikia pale kwenye madaftari ya kusahihisha akasema "eeh."

Alafu kaniletea ile manila kubwa, ya bluu nzito karibu na nyeusi yenye mistari ya njano, ambayo baba mdogo ndio alianza nayo. Nikamuuliza mama hii kweli ni rangi tu? Kasema shemeji aliuliza kwa haraka ndio maana nikamjibu kwa haraka. Kumbe ni taa za wavuvi wa dagaa. Alikuwa anaamka saa tisa usiku kuandaa andalio la somo, usiku wa giza usio na mbalamwezi, anafungua dirisha la jikoni anaona karabai ziwani zimepangana mstari, kila siku hiyo hiyo miaka yote na hakuwahi kumwambia mtu. Mimi nimekulia nyumba hii na lile dirisha nalijua, sikuwahi kufikiria mama anaangalia nini.

Mzee wa mninga ahsante sana, amerikani nitaitafuta Mwanga sokoni kesho. Mwalimu mama ana swali moja nimeambiwa niulize kama lilivyo: huyo Alma kati ya doa na doa alikuwa anaacha weupe makusudi, au ni brashi haikufika?

Mwl_Sanaa_Tabora

Makusudi. Mwambie kuna kazi ya 1976 inaitwa "Red Azaleas Singing and Dancing Rock and Roll Music", ni maua mekundu yanaimba na kucheza, turubai tatu zimeunganishwa zikafika karibu mita 4 kwa upana, nyekundu juu ya nyeupe. Upande mmoja madoa yamebanana, ukienda upande wa pili yanaachana, na weupe ndio unaoyafanya yacheze. Alikuwa na miaka zaidi ya 80. Na yeye za kwake za karabai asijaze, aache zipumue.