Kwa nini mitaa mikuu ya miji midogo ya Appalachia inafanana, na kwa nini haichoshi macho?

Mpita Njia ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, kwa muda sasa nimekuwa nikitazama picha za miji midogo iliyotawanyika katika milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, na mara nyingi nashindwa kutofautisha mji mmoja na mwingine. Iwe ni Bristol, Lewisburg ya West Virginia au Marshall ya North Carolina, naona mtaa mkuu uleule: safu mbili za majengo ya matofali ya ghorofa mbili au tatu yaliyobanana, vioo vipana vya maduka chini, madirisha membamba na marefu juu, jengo la mahakama ya kaunti lililojitenga kidogo kwa heshima, na mlima nyuma ya mapaa. Hata mtu ambaye hajakanyaga huko huhisi kwamba mahali hapo anapafahamu.

Nina maswali mawili. La kwanza, ufanano huo umetoka wapi, ilhali eneo lenyewe ni kubwa mno? Tume ya Appalachia iliyoundwa na Serikali Kuu mwaka 1965 inahesabu leo kaunti 423 katika majimbo 13, kutoka kusini mwa New York hadi kaskazini mwa Mississippi. La pili, kwa nini ufanano huo unavutia, wakati ule wa maduka makubwa yaliyojipanga kando ya barabara za magari unachosha baada ya dakika chache? Naomba majibu yenye miji na majengo halisi; sifa za jumla kuhusu uzuri wa kale nimeshazisoma za kutosha.

Fundi Mwashi amejibu:

Ndugu Mpita Njia, jibu la swali lako la kwanza lilifika kwa treni. Sehemu kubwa ya mitaa unayoitaja ilipata sura yake kati ya miaka ya 1880 na 1920, reli zilipopenya mabondeni kufuata makaa ya mawe na mbao. Reli ya Chesapeake and Ohio ilifika Mto Ohio mwaka 1873, na ile ya Norfolk and Western ikaingia katika machimbo ya Pocahontas mwaka 1883. Miji iliyozaliwa au kukua kwa ghafla namna hiyo ilianza kwa majengo ya mbao, moto ukapita, na wenye mali wakajenga upya kwa matofali. Kizazi kimoja kilichojenga kwa haraka, kwa vifaa vilevile na kwa hofu ileile ya moto, hakikuwa na njia nyingi za kutofautiana.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba nyuso za majengo hayo mara nyingi ziliagizwa kwa katalogi. Kampuni mbili za ndugu wa ukoo wa Mesker, moja ya St. Louis huko Missouri na nyingine ya Evansville huko Indiana, ziliuza uso mzima wa duka: nguzo za chuma cha kusubu kwa ghorofa ya chini, na mabati yaliyopigwa nakshi kwa ghorofa ya juu na kwa ukingo wa paa. Mwenye duka alipeleka vipimo vya kiwanja chake, akasubiri mzigo stesheni, akamwita fundi wa hapo mjini aupachike. Mabati hayo yakipakwa rangi, mtu aliye upande wa pili wa barabara hudhani ni mawe ya kuchonga. Ukisogea karibu na kuinama, mara nyingi utakuta chini ya nguzo kibao chenye jina la kiwanda, na ukiinua macho utaona alama zao: wa St. Louis walipenda ua la yungiyungi la mtindo wa Kifaransa, wa Evansville walipenda ua la mmea utambaao.

Upana nao ulikuwa mmoja karibu kila mahali. Thamani ya kiwanja ilikuwa katika ule upande unaotazama mtaa, kwa hiyo viwanja vilikatwa vyembamba na virefu kuelekea nyuma. Chini lilikaa duka, na juu zikakaa ofisi za mawakili na madaktari wa meno, vyumba vya kupanga, au ukumbi wa chama cha udugu. Ukiona juu kabisa pete tatu za mnyororo zilizochongwa kwenye ukuta, hapo walikutana Odd Fellows, mojawapo ya vyama hivyo.

Mwana wa Bonde amejibu:

Fundi ameeleza vizuri, ila amesahau ardhi. Katika Appalachia tambarare ni adimu, na pale ilipo mara nyingi imeshikwa na mto, reli na barabara kwa pamoja. Marshall, ambayo muulizaji ameitaja, imebanwa kati ya Mto French Broad na genge la mwamba, kwa hiyo mji mzima ulilazimika kuwa mtaa mmoja mrefu. Thurmond, katika korongo la Mto New huko West Virginia, umepita hata hapo: maduka na benki vinatazama njia ya reli moja kwa moja, kwa sababu nafasi ya barabara haikuwepo. Mji huo uliowahi kuhudumia machimbo yaliyouzunguka ulihesabiwa kuwa na wakazi watano tu mwaka 2020, na majengo yake yako chini ya hifadhi ya taifa.

Pia tusichanganye miji hii na vijiji vya kampuni. Katika vijiji vya machimbo, kampuni ilimiliki nyumba, duka na mara nyingi hata kanisa, na iliweza kulipa mishahara kwa sarafu zake zilizokubalika katika duka lake mwenyewe. Mtaa mkuu wenye maduka ya watu mbalimbali ulikuwa katika mji huru ulio jirani, na mchimbaji mwenye dola mkononi alikwenda huko Jumamosi. Uhuru huo ulikuwa na uzito wa kisiasa. Matewan, West Virginia, ni mtaa mfupi kando ya Mto Tug Fork, lakini tarehe 19 Mei 1920 meya wake na mkuu wake wa polisi, Sid Hatfield, walisimama upande wa wachimbaji dhidi ya walinzi wa kukodiwa wa shirika la Baldwin-Felts waliokuja kuwafukuza watu katika nyumba za kampuni. Watu kumi walikufa, meya akiwa mmojawapo. Matundu ya risasi bado yanaonekana katika ukuta wa matofali nyuma ya safu ya maduka.

Welch, makao ya Kaunti ya McDowell katika jimbo hilohilo, ulijaa magari kiasi kwamba mwaka 1941 halmashauri ya mji ilijenga jengo lake la kuegeshea. Kaunti hiyo ilikuwa na watu karibu 99,000 mwaka 1950. Mwaka 2020 walibaki takriban 19,000. Watazamaji wa picha huita hali hiyo utulivu, neno ambalo mimi nisingelitumia.

Mkaguzi wa Majengo amejibu:

Naomba kutofautiana kidogo na wenzangu, kwa maana wanazungumza kana kwamba sura ya 1900 ilibaki ikisubiri kupigwa picha. Haikubaki. Mwaka 1934 Serikali Kuu ilianza kudhamini mikopo ya ukarabati, na wenye maduka walihimizwa kuziba matofali kwa vigae vya kioo cha rangi na vioo vipya vya mtindo wa kisasa. Miaka ya 1950 na 1960 ikaja zamu ya alumini. Baadaye barabara mpya za milimani zilizojengwa chini ya mpango wa 1965 zilipita nje ya miji mingi, na biashara ikazifuata. Kwingineko Marekani, mji wenye fedha ulibomoa majengo ya zamani na kujenga maegesho. Katika miji mingi ya Appalachia hakuna aliyekuwa na fedha za kubomoa. Haiba mnayoisifu ilihifadhiwa kwa sehemu kubwa na ufukara, na mtu anayesifu picha bila kulijua hilo anasifu nusu ya habari.

Kisha likaja wimbi la kufufua. Shirika la taifa la uhifadhi wa majengo lilijaribu mpango wake wa mitaa mikuu katika miji mitatu mwaka 1977 (hakuna hata mmoja uliokuwa Appalachia), likaueneza nchini kuanzia 1980. Sheria ya kodi ya 1976 ilifungua mlango wa nafuu kwa wakarabati, na leo Serikali Kuu hurudisha asilimia 20 ya gharama kwa jengo la kihistoria linaloingiza kipato, mradi kazi ifuate viwango vya Wizara ya Mambo ya Ndani. Viwango hivyo ni vizuri, lakini navyo vinaongeza ufanano: alumini hung'olewa, matofali husafishwa, na kabla hujakaa sawa utakuta vikapu vya maua vinaning'inia kwenye nguzo za taa zinazojifanya za zamani, kuanzia Georgia hadi Pennsylvania.

Mfano ulio wazi zaidi ni Mount Airy, North Carolina, alikozaliwa mwigizaji Andy Griffith mwaka 1926. Kipindi chake cha televisheni cha miaka ya 1960 kilionyesha mji wa kubuni uitwao Mayberry, na mtaa wake ulipigwa picha California. Sasa Mount Airy ndio unaojiuza kwa sura ya Mayberry. Watalii wanaokuja huona kile walichokwisha kukiona kwenye runinga, na nadhani sehemu kubwa ya ile hisia ya kupafahamu mahali inatoka huko.

Mpita Njia amejibu:

Nawashukuru nyote. Mkaguzi amenigusa, maana ni kweli filamu nimeziona kabla ya picha. Lakini swali la pili bado linaning'inia: hata nikijua hayo yote, bado safu ya majengo hayo inanivuta. Nitazame nini ili niione tofauti kati ya mji na mji?

Fundi Mwashi amejibu:

Safu hiyo haichoshi kwa sababu kipande kimoja kinachojirudia ni kidogo. Kila hatua chache kuna mlango mwingine, mwenye mali mwingine na ukingo wa paa mwingine, mmoja una tarehe, wa pili jina la mfanyabiashara, wa tatu mapambo ya bati yaliyobonyea. Ni kama khanga zilizopangwa dukani: pindo ni lilelile, jina ndilo linalokufanya usimame. Duka kubwa la pembezoni lina ukuta mmoja na mlango mmoja.

Ili kuona tofauti, tazama kwanza kifaa cha ujenzi. Mount Airy uko jirani na machimbo makubwa ya mawe ya itale, kwa hiyo majengo kadhaa yake yana weupe ambao hutaukuta katika miji ya matofali. Kisha tazama kuta za ubavuni, zilipobaki rangi za matangazo. Lile la kwanza la Coca-Cola kuchorwa ukutani, la mwaka 1894, liko Cartersville, Georgia, ndani ya eneo hilihili. Bristol tazama chini, kwenye vibao vya shaba katikati ya State Street, maana mstari huo ndio mpaka: safu moja ya maduka iko Virginia, ya pili iko Tennessee.

Mkaguzi wa Majengo amejibu:

Mimi ningeongeza ghorofa ya juu. Ghorofa ya chini ni rahisi kuipamba kwa duka la kahawa. Ya juu hudai ngazi ya dharura, mfumo wa maji, umeme mpya, na mpangaji atakayelipa kodi itakayorudisha gharama hizo. Ile nafuu ya asilimia 20 sasa hulipwa kidogo kidogo kwa miaka mitano, na mkarabati lazima atumie zaidi ya thamani ya jengo kwenye vitabu vyake, au dola 5,000 iwapo hiyo ndiyo kubwa zaidi. Katika mji uliopoteza watu sharti hilo si gumu, kwa kuwa majengo ni ya bei ndogo; kigumu ni kumpata mpangaji. West Virginia iliongeza nafuu ya jimbo kutoka asilimia 10 hadi 25 mwaka 2018 kwa kuutazama ugumu huo.

Na Marshall uliotaja, ndugu, ulifunikwa na maji ya French Broad wakati wa Kimbunga Helene mnamo Septemba 2024, hivyo picha ulizonazo za mtaa huo angalia kwanza ni za kabla au za baada.