Niruti J5 yangu au niiache? Fundi anataka elfu ishirini

MamaMukene
Jamani, salamu kutoka Busia, upande wa Uganda. Naomba ushauri kabla ya kesho saa nne asubuhi, maana kuna kijana nimeshampa ahadi.

Nina Samsung J5, ile ya 2015, GB 8. Aliniachia dada yangu alipokwenda Oman kutafuta kazi. Mimi nauza mukene (majirani zetu Wakenya wanaita omena, Watanzania dagaa, samaki ni yule yule). Mzigo ukifika natandaza kwenye turubai, napiga picha, nawatumia wateja wa Tororo, Mbale na Bungoma. Wateja wangu hawaandiki, wananitumia sauti. "Mama, mbona hawa wana mchanga?" Dakika tatu nzima, mchanga tu.

Sasa simu imejaa. Kila asubuhi naamka na lile onyo la nafasi kuisha, na WhatsApp haipakui tena picha za wateja. Nimefuta mpaka picha za harusi ya mtoto wa kaka yangu. Kadi ya GB 32 imo humo, lakini WhatsApp haitaki kuhamia. Halafu simu inazima ghafla chaji ikifika 30, na kurasa nyingine za intaneti zinaniambia si salama, nikajua nimeshapata virusi.

Kijana anayetengeneza simu pale karibu na steji ya boda anasema dawa ni kuiruti, yaani kuifungulia ruhusa za ndani kabisa za mfumo ambazo kiwanda kilizifunga. Ikisharutiwa nitafuta Facebook na takataka zote zilizokuja na simu, "nafasi inarudi yote mama, itakuwa kama imetoka dukani". Shilingi 20,000. Nikamuuliza, na pesa zangu za simu je, zitakuwa salama? Akacheka. Hicho kicheko ndicho kimenileta hapa.

AbuuArua
Mama ruti tu, utafurahi. Mimi nimeanza kuruti tangu Android 4. Ukiwa na ruti simu ni yako kweli: unazima matangazo, unahamisha apu kwenye kadi kwa Link2SD, unaweza hata kupandisha romu mpya, yaani mfumo mzima mwingine wa simu. Ila mwambie asikuwekee zile apu za kubofya mara moja kama KingRoot. Atumie Magisk, programu ya kuruti hatua kwa hatua. Magisk inaanzia Android 6.0, na J5 ikiwa imesasishwa inafika 6.0.1, kwa hiyo unaingia mlangoni unakwaruza kichwa, lakini unaingia.

FundiJinja
Mama, pole na mchanga.

Usimlaumu huyo kijana, anarudia aliyoyasikia. Lakini kwenye habari ya nafasi amekosea, na hapo ndipo elfu ishirini yako ingezama.

Chukulia umepanga muzigo, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja. Upande wa pili wa ukuta kuna stoo ya mwenye nyumba. Facebook iliyokuja na simu haimo chumbani kwako, imo stoo kwake. Kuruti ni kupewa ufunguo wa ile stoo. Haya, umeingia, umetupa magunia yake nje, stoo imebaki tupu. Ukuta umesogea? Kitanda chako bado kinagusana na jiko.

Memori ya simu hizo imegawanywa hivyo hivyo tangu kiwandani: sehemu ya mfumo ina kipimo chake, ya kwako ina chake. Ukifuta apu ya mfumo kwa ruti, nafasi inabaki upande wa mfumo, ambako huwezi kuweka hata picha moja ya mukene. Watu wengi wanaoniletea simu wakitaka ruti wanataka nafasi, na ruti haiwapi nafasi. Mimi ni fundi, ningeweza kula hiyo pesa na kunyamaza.

Kilichojaza chumba chako ni vitu viwili. Cha kwanza ni masasisho ya hizo apu, maana masasisho yanakuja kulala kwako, si kwa mwenye nyumba. Ingia kwenye mipangilio, apu, gusa Facebook, ondoa masasisho, kisha izime. Kitufe cha kuzima kikiwa kimefifia, tafuta mtu mwenye laptopu. Gusa namba ya muundo wa programu mara 7 ili menyu ya wasanidi ifunguke, washa utatuzi wa USB, chomeka waya, halafu mtu wako, kwa adb (programu ya laptopu ya kuiamuru simu), aandike:

adb shell pm uninstall --user 0 com.facebook.katana

Imeondoka kwako, na hakuna ruti iliyoguswa. Siku ukifomati simu itarudi, basi. Mtandaoni utaona wanaongeza -k kwenye amri hiyo. Usiiweke. Hiyo -k inabakiza data ya apu, na data ndiyo tunayoifukuza.

Cha pili ni WhatsApp yenyewe, na nadhani mwizi mkubwa ni huyu. Fungua apu ya mafaili, ingia WhatsApp, kisha Media. (Ukiikosa hapo mwanzo, pitia Android, media, com.whatsapp.) Ndani ya folda ya picha kuna nyingine inaitwa Sent. Picha ulizowatumia wateja zina nakala ya pili humo, yaani mukene mmoja umemhifadhi mara mbili. Kuna folda ya sauti pia, hiyo ya mchanga. Hamishia kwenye kadi unayoitaka, nyingine futa. Halafu toka Media uingie Databases: utakuta mafaili ya msgstore yenye tarehe, nakala za usiku wa siku zilizopita. Futa yenye tarehe, lile lisilo na tarehe liache lilivyo. Mwisho zima upakuaji wa otomatiki, la sivyo wiki ijayo utarudi hapa.

Kurasa "zisizo salama" si virusi. Kwanza angalia tarehe ya simu, maana simu inayozimika ovyo wakati mwingine inaamka na mwaka mwingine. Tarehe ikiwa sawa, basi ni vyeti, yaani vitambulisho ambavyo simu inavitumia kuhakikisha tovuti ni ya kweli. Tovuti nyingi zinatumia vyeti vya Let's Encrypt, shirika linalovitoa. Cheti mama cha zamani kilichokuwa kinawatambulisha kwa simu kongwe kiliisha tarehe 30 Septemba 2021. Wakapata njia ya kuzunguka, nayo ikafungwa 2024. Cheti chao kipya kinaitwa ISRG Root X1, na Android wanakifahamu kuanzia 7.1.1. Wewe uko 6, hukifahamu. Kipakue kutoka tovuti ya Let's Encrypt kwa simu nyingine, kihamishie kwenye yako, kisakinishe kupitia mipangilio ya usalama. Itakulazimisha uweke PIN ya skrini, na baadaye itakuwa inakuonya kwamba mtandao wako unaweza kufuatiliwa. Hilo onyo ni kwa sababu umeongeza cheti kwa mkono wako, usishtuke. Lakini kipakue pale pale kwa wenyewe, usipokee cheti cha kutumiwa na mtu.

Kuzima kwenye 30 ni betri. Ruti haitibu betri. Vua kava la nyuma, itoe, ilaze juu ya meza bapa uizungushe kama pia. Ikikubali kuzunguka, imevimba. Ukiwa hapo soma kibandiko kilicho chini yake, kinaanza na SM-J500, utuambie herufi ya mwisho.

AbuuArua
Fundi umesema kweli kuhusu stoo, hapo sina ubishi. Lakini usimfiche mama kwamba kuna njia ya kupata nafasi: Android 6 inaweza kuifanya kadi iwe memori ya ndani. Samsung wameificha kwenye menyu, ila kwa adb inakubali, amri ya sm partition, na haihitaji ruti.

FundiJinja
Inakubali, na ningeitaja kama kadi ningeijua. Ukiigeuza hivyo inafomatiwa, inafungwa kwa ufunguo wa simu ile moja, na kadi ikifa apu zake na mafaili yake yote yanakufa nayo. Kadi za barabarani zilizoandikwa GB 32 nimezipima zikatoka 8. Inaandika, inaandika, ikijaa inaanza kuandika juu ya ya jana na haisemi kitu. Mtu anayeendesha biashara nzima kwenye simu moja simshauri. Simu ya kuchezea, sawa.

MwalimuMasindi
Mama niruhusu nikusimulie yangu, maana kile kicheko nakijua. Mwaka mmoja nilijirutia simu yangu mwenyewe, ya prosesa ya MediaTek. Kosa lilikuwa langu, sina wa kumsingizia. Nilichukua faili la boot (lile la kuwashia simu) la simu yenye jina lile lile, nikaamini jina. Namba ya toleo ilikuwa tofauti kwa tarakimu za mwisho. Nikalirekebisha kwa Magisk, nikaliflashi, yaani nikaliandika ndani ya simu, simu ikawaka mpaka kwenye nembo. Ikazima. Ikawaka mpaka kwenye nembo. Niliitazama tangu magharibi hadi saa tano usiku, kama mtu anayesubiri basi ambalo limeshapita.

Kabla ya hapo nilishafungua butiloda (kufuli la programu inayowasha simu), na kufungua butiloda kunafuta kila kitu. Nilijua, nimesoma, na bado sikuhifadhi maksi za darasa la Sita. Kesho yake kwa hasira nikairudishia programu ya kiwandani kwa programu ya kompyuta iitwayo SP Flash Tool, nikachagua ile ya kufomati yote. Simu ikapona, mtandao ukafa. IMEI, namba inayoitambulisha simu kwenye mtandao, ilikuwa imefutika pamoja na vingine. Laini zote mbili, hakuna hata mstari mmoja. Nikawa na kamera nzuri sana yenye saa.

Kuhusu pesa: *165# ya MTN na *185# ya Airtel zinapita kwenye mtandao wa simu, haziulizi kama una ruti. Zinazouliza ni apu, hasa za benki. Baada ya kutengenezewa IMEI niliruti tena (ndiyo, mimi ni mtu wa namna hiyo) na apu ya benki yangu ikafunga mlango siku hiyo hiyo. Lakini lililonifanya niache si hilo. Ni kwamba kwenye simu yenye ruti, apu uliyoipa ruhusa hiyo kwa bahati mbaya inaweza kusoma ujumbe wako wote bila kukuomba tena. Na ukiruti kwa mkono wa mtu mwingine, hujui yeye alizipa apu zipi ruhusa kabla hajakurudishia simu. Huyo kijana alipocheka, ulitakiwa kumuuliza anacheka nini.

AbuuArua
Mwalimu umeniua na kamera yenye saa 😂 Lakini jamani, mtu akisoma kwanza, akalinganisha namba ya toleo, akahifadhi vitu vyake, akawa na simu ya pili, ruti haina ubaya. Romu mpya ingemwondolea mama hata hiyo shida ya vyeti.

FundiJinja
Abuu, hiyo "simu ya pili" ndiyo jibu lenyewe. Yeye hana.

MamaMukene
Nimerudi. Asanteni sana ndugu zangu, Mungu awabariki, hasa Fundi na Mwalimu. Abuu nawe nimekusikia mwanangu.

Saa nne sikwenda na simu kwa kijana, nilikwenda na maneno. Nikamwambia habari ya stoo na chumba. Akanyamaza, akafikiri, akasema "kumbe ndiyo maana". Inaonekana ameshaziruti kadhaa na wenyewe wanarudi kulalamika nafasi.

Betri tuliizungusha pale pale juu ya kioo cha kabati lake. Ilizunguka raundi tatu na nusu! Wanaboda wakaja kutazama, mmoja akaomba naye azungushe. Kijana akaninyang'anya akasema hiyo si ya kuchezea, akaiweka pembeni kwenye kopo la bati. Nimenunua nyingine kwake kwa 25,000, kwa hiyo amepata zaidi ya aliyotaka, na mimi jana nimefika asilimia 11 bila simu kuzima. Kibandiko kinasema SM-J500H.

Folda ya Sent ilikuwa na picha 2,300 na kitu. Fundi, nilikaa chini nikazipitia. Mukene wa mwaka juzi, mukene wa mwaka jana, mvua imelowesha turubai, mguu wangu, mukene. Nimehamisha chache tu za turubai la kwanza nililonunua mwenyewe, nyingine nimefuta. Facebook imezimika kwa kile kitufe cha kawaida, laptopu haikuhitajika. Sasa nafasi iliyo wazi ni GB 1.7 na WhatsApp inapakua.

Cheti bado sijaweka, nasubiri mpwa wangu aje na simu yake Jumapili. PIN hainisumbui; sikuiweka mpaka sasa kwa sababu tu dada aliniambia nisiweke, akidhani akipiga wajukuu hawataweza kupokea.

FundiJinja
J500H si sawa na J500F, Abuu. Ungempa romu ya F angekuwa na kamera yenye saa kama Mwalimu. Mama, ile betri iliyovimba mwambie kijana asiitupe kwenye takataka zinazochomwa.

MamaMukene
Nimemwambia. Ameongeza kopo la pili juu yake.

Nimempelekea na vikombe viwili vya mukene kwa ajili ya ile ahadi niliyoivunja. Jioni amenitumia sauti. Dakika mbili na nusu. Sijaifungua, lakini naijua.