Programu inayoandika "imefaulu" bila kuuliza kama amri imefaulu

Ndugu wataalamu, asalaam aleikum. Naandika nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha.

Ofisi yetu hapa Lamu hukata tiketi za boti za kwenda Mokowe, na habari zote za abiria na malipo zimo katika hifadhidata ya MySQL. Fundi tuliyemlipa alituandikia programu ya Python ambayo kila usiku saa nane huita mysqldump (amri ya kutoa nakala ya hifadhidata), huyapeleka matokeo yake kwa gzip (amri ya kubana faili) kupitia paipu, yaani njia ya kupitisha matokeo ya amri moja hadi nyingine, kisha huandika: "Nakala imehifadhiwa." Wiki iliyopita diski ya seva ilikufa. Nilipozifungua nakala za akiba nikakuta faili 19 za mwisho zimepangika kwa tarehe, na kila moja ina baiti 20, ambao ndio ukubwa wa faili ya gzip isiyo na kitu ndani.

Kumbe nenosiri la hifadhidata lilikuwa limebadilishwa. Mysqldump ilikataliwa mlangoni, ikalalamika katika njia ya makosa ambayo hakuna aliyekuwa akiisoma, nayo gzip ikapokea utupu, ikaubana kwa uaminifu na kurudisha sifuri, namba ambayo amri hutoa kusema imefaulu. Kwani sheli, yaani programu inayoendesha amri, usipoiwashia pipefail (mpangilio wa kuihesabu paipu nzima imeshindwa amri yoyote ndani yake ikishindwa), huchukua jibu la amri ya mwisho katika paipu na kuyapuuza ya waliotangulia. Na hata sifuri hiyo ya uongo fundi wetu hakuitazama! Aliita os.system, njia ya Python ya kuendesha amri, akaliacha jibu lipotee, na mstari uliofuata akaandika habari njema.

Nilipompigia simu alinijibu, "Bwana, mbona nilipoijaribu ilifanya kazi?" Ilifanya kazi siku ile. Sifuri ni salama, namba nyingine ni tatizo, na 127 hukwambia kabisa kwamba amri yenyewe haikupatikana. Haya si elimu ya siri. Tangu Python 3.5 ya mwaka 2015 ipo subprocess.run, njia nyingine ya kuendesha amri, ambayo ukiipa check=True hutupa kosa papo hapo amri inaposhindwa, na kuupima ukubwa wa faili kabla ya kujisifu kungemgharimu mistari miwili.

Sasa makarani wawili wanaingiza upya safari za siku 19 kutoka vishina vya risiti, vingine vimelowa maji ya chumvi, na fundi ameleta ankara mpya ya "marekebisho". Naomba mnieleze: ni halali nimlipe?