Shinjuku, Ueno au Tokyo Station: nifikie wapi nikiwa na mama?

Kijana_Gerezani:
Wakuu habari zenu. Mwezi wa kumi nakuja Japani kuangalia magari kwenye yadi za Yokohama, na safari hii nakuja na mama yangu, ana miaka 67, magoti yanamsumbua, na tutakuwa na mabegi makubwa mawili. Tunatua Narita jioni. Hoteli nimeona tatu bei zinakaribiana, moja Shinjuku, moja Ueno, moja karibu na Tokyo Station. Siku moja nitaenda Nagoya na Shinkansen, ile treni ya kasi. Mama anachotaka ni pa kuswali na chakula cha halali, mengine kaniachia mimi. Shinjuku naisikia ndo stesheni yenye watu wengi kuliko zote duniani, inasumbua kweli au watu wanakuza tu?

DadaWaMwanza:
Hawakuzi kaka. Mimi nakaa Saitama mwaka wa nne sasa na Shinjuku nabadilishia treni kila siku ya kazi. Ukijumlisha makampuni ya treni ya JR, Odakyu na Keio pamoja na treni za chini ya ardhi wanapita watu zaidi ya milioni 3 kwa siku, na milango ya kutokea imezidi 200. Ila watu wenyewe sio shida, kila mtu anatembea upande wake na hakuna anayekugombeza, shida ni MLANGO. Ukitokea magharibi na hoteli yako ipo mashariki ujue una safari nyingine kabisa, afadhali siku hizi, tangu 2020 kuna njia pana ya kuvuka mashariki magharibi bila kuingia kwenye mageti, zamani ilibidi uzunguke.

Wiki yangu ya kwanza nilifika pale saa mbili asubuhi na begi la kilo 23, nikapanda ngazi nikashuka nikapanda tena, matairi ya begi yanagonga yale mawe ya njano ya wasioona tratratra mpaka nikaona aibu, mwisho nikasimama pembeni ya nguzo machozi yananilenga. Akaja mzee wa stesheni amevaa glavu nyeupe, Kiingereza hajui na mimi Kijapani sijui, nikamuonyesha jina la hoteli kwenye simu. Akatoa ramani ya karatasi, akachora mstari kwa kalamu nyekundu kutoka pale tuliposimama mpaka mlango wa kusini, halafu akanisindikiza mpaka kwenye lifti. Ile karatasi ninayo mpaka leo.

Kwa mama mwenye magoti na usiku wa kwanza, mimi nasema Ueno.

FundiRejeta:
Naunga mkono Ueno. Kutoka Narita mnapanda Skyliner, treni ya kampuni ya Keisei, dakika arobaini na kitu mpo Keisei Ueno, kila mtu ana siti yake na mabegi yana sehemu yake, na pale ndo mwisho wa laini kwa hiyo hata mkisinzia hampitilizi. Angalia tu kitu kimoja, Keisei Ueno na Ueno ya JR ni majengo mawili tofauti, kuna kutembea kidogo hapo nje. Msikiti wa Assalaam upo Okachimachi, stesheni inayofuata tu kwa Yamanote, ile laini ya kijani, na katikati hapo kuna soko la Ameyoko limejibana pembeni ya reli, samaki, viungo, nguo, viatu, wauzaji wanapiga kelele kutangaza bei, mama atajiona yupo nyumbani. Na Yokohama kutoka Ueno ni treni moja bila kubadilisha, hiyo ipo tangu 2015.

Mzee_wa_Nagoya:
Vijana mmesahau Nagoya. Shinkansen ya Nagoya haisimami Ueno, zinazosimama pale ni za kwenda kaskazini. Inaanzia Tokyo Station, mwendo wa kama saa moja na dakika arobaini kwa Nozomi, zile Shinkansen za haraka zaidi. Hiyo ndo sifa ya Tokyo Station, pamoja na lile jengo la matofali mekundu upande wa Marunouchi, la 1914, wamelikarabati likakamilika 2012, usiku linapendeza sana. Lakini usidhani pale ni rahisi, Narita Express, treni ya JR ya kutoka uwanja wa ndege, inaingia chini kabisa ardhini na kupanda kutoka huko na mabegi ni kazi, na ukiambiwa Keiyo Line basi jiandae kutembea dakika kumi na zaidi humohumo ndani. Chakula cha halali kipo ila itabidi utafute.

Binti_Pangani:
Jamani msiitupe Shinjuku hivyo. Stesheni moja tu mbele ni Shin-Okubo, kuna uchochoro wa maduka ya halali, nyama, mchele wa basmati, viungo, mpaka unga unapata. Msikiti mkubwa wa Tokyo Camii unaufikia kwa Odakyu kutoka hapohapo Shinjuku, unashuka Yoyogi-Uehara. Na kupanda juu ya jengo la serikali ya Tokyo ghorofa ya 45 ni bure. Kwa Nagoya unaenda tu Shinagawa kwa Yamanote dakika kama 20, Nozomi zote zinasimama pale. Mimi na mume wangu tulikaa siku sita, siku mbili za mwanzo tulipotea, ya tatu tukazoea.

DadaWaMwanza:
Dada ni kweli kabisa, ila nyie mlikuwa na magoti yenu mazima. Mama wa miaka 67 huwezi kumpa siku mbili za kupotea. Kijana fanya hivi, lala Ueno, Shinjuku mwende kutembea saa tano asubuhi msongamano ukishapungua, bila begi lolote. Mkubaliane mapema mlango mmoja wa kukutana mkipoteana, uandike jina lake kwenye karatasi kwa Kijapani akae nayo mama mwenyewe mfukoni. Na pale Narita kuna kaunta za kutuma mabegi, wanaita takkyubin, begi kubwa linakufuata hotelini kesho yake, mama anatembea na mkoba tu.

Kijana_Gerezani:
Asanteni sana wadau, Mzee wangu wa Nagoya shikamoo. Nimemsomea mama yote, hiyo ya yule mzee wa glavu nyeupe kaniambia nirudie mara mbili. Nimeshika chumba Ueno usiku saba, siku ya Nagoya nitatoka peke yangu alfajiri, mama atabaki na Ameyoko. Sasa swali, huo msikiti wa Okachimachi wanawake wana sehemu yao, na kufika juu ni ngazi au kuna lifti?